Kwenye Kumbukumbu Wameandika Hapana

Mimi na jirani yangu Zdravka tulipanda basi Studenik saa kumi na moja alfajiri, na saa tatu tulikuwa tumeshakaa kwenye ukumbi wa kamati ya maji pale Sofia, viti vya nyuma kabisa, vile vya wananchi.

Siku hiyo walikuwa wanamhoji Bwana Lyudmil Karastanev, ambaye serikali ilimteua awe mkuu wa maji wa nchi nzima. Sisi Studenik tunapata maji kwa saa mbili, kisha tunakaa siku tatu bila tone, tangu bwawa letu lilipofunguliwa na maji yake yakapelekwa kiwanda cha karatasi. Kibali cha kulifungua kina saini, lakini ni mkwaruzo tu, jina hakuna. Tulitaka kitu kimoja: aseme mbele ya watu kama saini ni yake. Akipewa cheo, kibali kile anakiongeza miaka kumi, na sisi tufunge nyumba zetu tuhame.

Karani mmoja, mama wa makamo, alipita na kahawa. "Utakunywa, bwana?"

Karastanev akashusha kichwa, akakipandisha, akakishusha tena. Yule mama akaenda zake, maana kwetu Bulgaria kichwa cha juu na chini ni hapana.

"We mama, rudi! Nimesema ndiyo," akamwita huku anacheka. "Miaka ishirini Vienna, kichwa changu kimesahau nyumbani."

Wabunge wakacheka naye. Kahawa akaletewa, akanywa.

Ikafika zamu ya mbunge wa upinzani, Iskra Valkova. Akainua karatasi. "Bwana Karastanev, saini hii kwenye kibali cha bwawa la Studenik ni yako?"

Akaitazama muda mrefu. Kichwa kikashuka, kikapanda, kikashuka.

Zdravka akanibana mkono. "Amekubali! Dafina, amekubali!"

Mwenyekiti, Bwana Tsolov, akamgeukia mwandishi wa kumbukumbu. "Andika: mteuliwa amejibu hapana. Swali lingine."

Nikasubiri. Nilidhani yule bwana atasahihisha mwenyewe, kama alivyosahihisha kwa ajili ya kahawa. Wapi! Alikuwa anakoroga kikombe kitupu, macho kwenye kijiko. Hapo ndipo damu iliponichemka. Nikasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti."

"Bibi, wananchi wanaongea mwisho."

"Huo mwisho utatukuta tumekufa kiu. Kichwa hicho hicho kimeomba kahawa sasa hivi, mkakubali ni ndiyo. Kwa kahawa ndiyo, kwa bwawa letu hapana?"

"Labda kina stesheni mbili, kama redio!" mbunge mmoja akapaza sauti, wenzake wakaangua kicheko.

Tsolov hakucheka. "Bibi, hapa ni Bulgaria. Kichwa kinasomwa Kibulgaria."

"Basi kahawa aliletewa kimakosa. Mnyang'anyeni kikombe."

"Kaa chini!"

Sikukaa. Nikamgeukia mwenyewe. "Mwanangu, mimi sikuulizi kichwa. Mdomo unao. Saini ni yako?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti. "Ni yangu," akasema polepole. "Lakini sheria iliniruhusu."

"Hilo limesemwa nje ya utaratibu," Tsolov akadakia. "Tupige kura kama kumbukumbu zibadilishwe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Watu wazima, wamesoma mpaka vyuo vikuu, wanainua mikono kuamua kama mtu amesema alichokisema! Tisa wakataka ibaki hapana. Saba wakakataa. Haikupita dakika tano, tisa wale wale wakampitisha Karastanev, wakampa mkono, mmoja akamkumbatia kabisa.

"Hawa hata aibu hawana?" Zdravka akaniuliza. "Wangekaa siku tatu na ndoo moja, na choo humo humo, tuone wangepiga kura gani!"

Mlangoni yule karani wa kahawa akatusimamisha na karatasi. "Mama zangu, wekeni majina hapa. Sheria inataka ionekane wananchi walishirikishwa. Jumatano inakwenda kwa bunge zima, kwa kura ya mwisho, pamoja na ripoti."

Juu iliandikwa: Tumeshirikishwa. Hasira ikanipanda upya. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa herufi zangu kubwa, moja moja, nikajaza mistari minne: Dafina Yotova, Studenik. Karastanev amesema kwa mdomo wake saini ni yake. Nimemsikia. Zdravka akaandika chini yake: Na mimi nimemsikia.

"Jamani, hapo ni jina tu!" karani akashika kichwa. "Na karatasi ni hii moja, ina muhuri na namba. Siwezi kutoa nyingine."

"Basi peleka hiyo hiyo, mwanangu."

Akaisoma. Akatazama ukumbini, walikokuwa bado wanapongezana. Kisha akaitia kwenye jalada la ripoti, juu kabisa, akafunga kamba mafundo mawili.