Faili la Anifa Linasubiri Kikao

Anifa, fundi cherehani wa mtaa wa Isevya, alikuwa na moyo usiojua kutunza siri. Miaka minne iliyopita madaktari wa Dar es Salaam walimpasua kifua wakamwekea vali ya chuma, kilango cha kupitisha damu moyoni, na tangu siku hiyo, pakiwa kimya, aliye karibu humsikia: tk, tk, tk. Watoto wa mtaani walimwita Mama Saa. Watu wazima walijifanya hawasikii, naye alijifanya haoni wanavyojifanya.

Sasa alikuwa na mimba ya wiki nane. Daktari hakumumunya maneno: moyo huu hauwezi kuibeba, itakuua. Na ile dawa ya kuzuia damu isigande kwenye vali, huwezi kuiacha. Kutoa mimba ni kosa, akaongeza, lakini kuokoa maisha ya mama si kosa, kwa hiyo asiwe na wasiwasi. Wengine hupewa vidonge waende navyo nyumbani; yeye, kwa sababu ya dawa hiyo, atahudumiwa wodini, dawa yake ikirekebishwa na damu ya akiba ikiwa karibu. Kilichobaki ni kikao cha hospitali cha kuidhinisha tu.

Kikao chenyewe sasa! Wiki ya kwanza akidi haikutimia. Wiki ya pili mwenyekiti alisafiri kwenda Dodoma kwenye semina ya kupunguza vifo vya wajawazito, akapigwa picha mbele ya bango. Ikatakiwa pia sahihi ya mume. Karani alikiri kwamba hakuna sheria inayoidai, "ila sisi huwa tunaidai." Rashidi, mumewe, alikuwa porini huko Sikonge akinunua asali, mahali ambapo mtu hupata mtandao kwa kupanda juu ya kichuguu. Alikwisha kusema kwa simu kwamba anamtaka mkewe hai. Karani akajibu kwamba simu haina sahihi.

Wiki ya tatu Anifa akaanza kuhema kwa kupanda ngazi mbili za baraza lake. Akaogopa, akaogopa kweli. Alikuwa na watoto wawili, na yule mdogo alikuwa bado hajajua kufunga kamba za viatu. Asubuhi moja akavaa nikabu, akapanda bajaji mpaka Ntalikwa, kwenye duka la dawa ambako hakuna aliyemjua, akaomba vidonge vya kutoa mimba.

Muuzaji, Sixbert, alikuwa kijana mwenye koti jeupe na maswali mengi.

"Vidonge ni vya nani?"

"Vya mdogo wangu."

"Ameolewa?"

"Ameolewa."

"Mumewe anajua?"

"Anajua."

"Dini gani?"

"Kwani vidonge vinauliza dini?"

"Vidonge haviulizi, mama. Nauliza mimi."

Hakuuliza kama huyo mdogo mtu ana ugonjwa wowote. Hakuuliza anakunywa dawa gani. Anifa aliyakumbuka maneno ya daktari kuhusu wodi vizuri sana, lakini alikuwa amechoka kuambiwa njoo Jumatatu, na akajidanganya kwamba madaktari huongeza chumvi. Sixbert akavitoa vidonge kutoka chini ya kaunta. Hapo umeme ukakatika, feni iliyokuwa ikikoroma juu yao ikanyamaza, na duka zima likasikia: tk, tk, tk.

"Anifa!" sauti ikatoka kwenye benchi. "Gauni langu liko wapi?"

Alikuwa Bi Maua, jirani yake wa Isevya, mzee ambaye habari ikimfikia alfajiri, kabla ya adhuhuri mtaa mzima unayo.

"Shikamoo, Bi Maua," Anifa akasema ndani ya nikabu, kwa kuwa adabu ni adabu.

"Marahaba. Kitambaa nilikupa kabla ya Ramadhani." Kisha akaona kilichokuwa mkononi mwa Sixbert. Bi Maua alizalisha wanawake kabla hajaota mvi, akaelewa bila kuelezwa. "We kijana, umemuuliza huyu anakunywa dawa gani? Alikikataa kisamvu changu harusini, eti majani yanagombana na dawa yake ya damu. Nikamnunia mwaka mzima!"

Sixbert akavirudisha vidonge upesi. "Dawa ya kuzuia damu kuganda? Mama, mwenye pumu nampa, mwenye kisukari nampa, na wengi wanakuwa salama. Wewe ukivinywa nyumbani unaweza kumwaga damu mpaka uishe!"

"Ulitaka kuniuliza lini?"

"Ningefika huko. Nilikuwa bado kwenye dini."

Anifa akamgeukia Bi Maua. "Na wewe umefuata nini huku kote?"

Bi Maua akaficha pakiti ya dawa za presha ndani ya kanga. Isevya yote ilijua kwamba hajawahi kuugua hata mafua.

"Hatukuonana," akasema. "Haya, twende hospitali."

Njiani Anifa alimweleza habari ya kikao. Walipofika, Bi Maua alikaa kwenye korido akauliza, kwa sauti ya kuitisha mnada, kama wajumbe wa kikao wapo hai, maana kama wamekufa yeye yuko tayari kutafuta sanda. Akidi ikatimia ndani ya nusu saa. Mjumbe mmoja alitolewa kantini, chapati bado mdomoni. Mwenyekiti aliingia na mkoba wa semina. Wakajadili sheria, wakajadili mume, wakajadili waandishi wa habari na watu wataonaje. Anifa alikaa mwisho wa meza, wala hakuna aliyemgeukia. Kila waliponyamaza kidogo walimsikia Bi Maua nje, na kwa sababu hiyo hasa wakasaini idhini, bila sahihi ya Rashidi.

Wodini, muuguzi Asnath akajaza fomu. Umri, kata, kabila, jina la mume, kazi ya mume, dini ya mume. Kisha akainua kichwa.

"Na wewe mwenyewe, dada, unataka nini?"

Wiki tatu, na hili ndilo lilikuwa swali la kwanza la aina hiyo. Machozi yakamtoka Anifa mbele ya watu.

"Nataka kuishi."

Asnath akaipitia fomu juu mpaka chini, akaigeuza nyuma, akairudisha. Hapakuwa na nafasi ya jibu hilo. Akaliandika pembeni, kwa herufi ndogo za kubanana.