Kibano cha Kushoto

Mdogo wangu alikuwa amelala chali kwenye benchi, kilo sabini na tano mikononi mwake, na mimi ndiye niliyesimama kichwani. Kwetu sisi wanyanyuaji, anayesimama kichwani ndiye bima yako. Chuma kikikushinda, yeye anakidaka na kukirudisha kwenye nguzo. Usipomwamini, usilale. Yeye alilala akinitania kuhusu soksi zangu, kwa sababu ndani ya miaka sita hakuna mwingine aliyewahi kumdaka.

Hakujua kwamba siku hiyo sikuja kumdaka.

Wiki tisa kabla ya hapo nilikuwa na meno yangu yote na vidole kumi vya miguu. Niliitwa Winchi, na jina hilo sikupewa bure. Chumba chetu cha mazoezi kiko nyuma ya karakana ya baba mdogo, fundi wa kuchomelea na kocha wetu kwa pamoja. Visahani karibu vyote vya kupachika kwenye chuma kavikata mwenyewe, na wanawake tisa tunavinyanyua mpaka majirani wanalalamika. Klabu ilikuwa na nafasi moja tu ya kwenda mashindano ya taifa katika uzito wa kilo sitini na tatu. Mimi nina kilo sitini na tatu. Mdogo wangu naye, kwa bahati mbaya, ana kilo sitini na tatu. Kila mchujo nilimshinda, na kila mara alinipongeza huku amenuna.

Siku ya ajali nilikuwa nimekwishapandisha chuma juu ya kichwa, mikono imenyooka, kisahani cha kushoto kilipoteleza kikatoka. Hakikuwa na kibano cha kukizuia kisitoke. Kilo ishirini zilitua juu ya mguu wangu wa kushoto. Upande wa kulia, sasa mzito peke yake, ukaenda chini, na ncha tupu ikafyatuka ikanichapa taya. Meno yalinitoka kabla sijajua kwamba mguu umeumia. Nilipotazama chini, kiatu kilikuwa bapa na damu ilikuwa inabubujika kwenye matundu ya kamba. Hospitali waliondoa vidole viwili. Daktari akasema kunyanyua nisahau.

Sasa, kwetu chuma hupangwa na watu wawili. Mmoja anakaa kulia, mwenzake kushoto, na kila mtu anafunga kibano cha upande wake na kusema "tayari". Upande wangu ulikuwa kulia, siku zote. Kushoto ni kwa mdogo wangu. Nafasi ya mashindano nayo ikawa yake.

Mama alisema ni ajali. Baba mdogo akasema ni ajali. Mimi nilikaa kitandani wiki sita, mguu juu ya mto, nikinyonya supu kwa mrija, na donge likinikaa rohoni mpaka likanikosesha usingizi. Kila siku nilikuwa nazungumza na mdogo wangu kichwani. Maswali niliuliza mimi, na majibu nilimpa mimi.

Ndiyo maana siku ile ya benchi nilichagua saa nane mchana, wenzetu hawajafika. Baba mdogo alikuwa mbele, anakata mabomba kwa ile mashine yake inayopiga kelele mpaka masikio yanawasha. Safari hii vibano nilivifunga mimi, pande zote mbili, nikavikaza.

Alisukuma mara moja, mara mbili, mara tatu. Ya nne ilitetemeka. Ya tano ilifika katikati ikagoma.

"Dada," alisema. "Dada, shika."

Nikakunja mikono. Chuma kilimshukia taratibu kifuani, pumzi ikamtoka yote kwa mkupuo.

"Nani aliacha kibano cha kushoto?" nikamuuliza.

"Nini? Shika bwana, acha utani!"

"Mimi natania?"

Aliniangalia kutoka pale chini, macho yamemtoka, na hapo ndipo alipoelewa. Akajaribu kukiinamisha chuma visahani vianguke, lakini vibano vilikuwa vimeuma. Akajaribu kukiviringisha kuelekea tumboni. Nikaweka viganja vyangu juu ya chuma nikakirudisha pale pale. Miguu yake ilikuwa inapiga sakafu. Alinishika mikono akanichana kwa kucha, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, na mimi wala sikuhisi.

"Sema."

"Sijui! Haki ya Mungu sijui!"

Nikaongeza uzito wangu. Si wote, kidogo tu. Kitu kikalia ndani ya kifua chake, mlio mdogo mkavu, naye akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Uso ulikuwa umeiva, mate yanamtoka kwenye pembe za mdomo. Kule mbele mashine ilikuwa inakata bomba jingine.

"Sema, utapumua baadaye. Sema kwanza."

"Mimi," akasema. "Ni mimi."

"Ulisahau?"

Alitikisa kichwa. Alikuwa ananisoma usoni anatafuta jibu nililolitaka. "Makusudi. Niliacha makusudi. Nilichoka... kuwa wa pili. Nilitaka nafasi."

Kila neno nililokuwa nimemtungia kitandani lilimtoka yeye mdomoni, moja baada ya jingine, kwa mpangilio ule ule. Nilifurahi. Sina haja ya kuficha. Nikakishika chuma, nikakinyanyua na kukirudisha kwenye nguzo.

Alianguka kutoka kwenye benchi akatapika. Nilidhani atabaki pale chini akiomba msamaha. Badala yake aliinuka amejishika ubavu, akanipiga ngumi kwenye taya ile ile, na nilipoyumba akaukanyaga mguu wangu mbovu kwa kisigino, mara mbili, akiwa amelenga. Nikaanguka naye. Tulipigana pale sakafuni kama watu wasiojuana, kwa meno, kwa viwiko, nywele zangu mkononi mwake. Nilikipiga kichwa chake kwenye mguu wa benchi. Yeye aliniuma bega mpaka damu ikatoka. Tuliacha kwa sababu hakuna aliyekuwa na pumzi.

"Umekiri mwenyewe," nikamwambia. "Kwa mdomo wako."

Alitema damu. "Ungeniuliza kama nilimuua baba, ningekubali. Ningekwambia na kisu nilikitupa wapi."

Baba alikufa kwa homa. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne.

"Basi chuma hakipo," nikasema. "Niambie sasa. Uliacha au hukuacha?"

"Siku ile ulikuwa umenikasirikia kwa sababu nilivaa viatu vyako," alisema polepole, anavuta pumzi fupi fupi. "Nilikuja kufunga upande wangu, ukanisukuma. Ukasema toka hapa, napanga mwenyewe. Nikaenda kukaa pale dirishani. Hukumbuki?"

Viatu navikumbuka. Hasira naikumbuka, maana mimi hasira zangu nazijua zote kwa sura. Baada ya hapo nakumbuka kiatu kilichojaa damu tu. Huenda anasema kweli. Huenda pia ndivyo angesema mtu aliyeacha kibano makusudi, akapata wiki tisa za kujiandaa. Kweli ilikuwemo ndani yake wakati analala kwenye benchi, na mimi nilikuwa nimeikandamiza mpaka ikachanganyika na woga. Sasa siwezi kuijua hata akiapa.

Nilipatwa na aibu nikaona giza. Nikajiburuta mpaka alipokuwa.

"Mdogo wangu, twende hospitali. Mbavu hizo si za kuchezea."

Nikanyoosha mkono nimwinue. Alijikunja, akaufunika uso kwa mikono yote miwili, akangoja pigo.

Niliuacha mkono wangu hewani. Alipoona sipigi, alitambaa mpaka mlangoni, akashika fremu, akasimama. Akavuta pumzi iliyomuuma, akapaza sauti kushinda ile mashine, akimwita baba mdogo. Tangu ajue kuongea, akiumia huniita mimi.