Upande wa Bosibori

Siku mama yake alipofariki kwao Nyamira, Kerubo alikuwa Missouri City, Amerika, akimgeuza Maureen kitandani asipate vidonda. Maureen alikuwa mama mkwe wake, Mwingereza wa kijijini aliyekamua ng'ombe wa watu tangu usichana. Hakukuwa na mwingine wa kumgeuza. Mazishi ya mama yake Kerubo aliyatazama kwenye simu, bakuli la uji mkononi.

Maureen naye akafa Februari. Tangu hapo Colin, mumewe Kerubo, na binti yao Abigail walikesha kwenye kompyuta wakiwatafuta watu wa Maureen.

"Mum, nimepata mwingine!" Abigail aliita. "Nyanya ya nyanya yake. Hannah. Ako kwa rekodi za kanisa. Alikuwa anakamua pia!"

"Na nyanya yako ule mwingine alikuwa anafanya nini?"

Abigail alifikiri. "Aliuza kitu?"

Ukutani, karatasi za majina ya ukoo wa Maureen zilishuka hadi sakafuni. Upande wa pili palikuwa na jina moja tu: Bosibori, mama yake Kerubo. Kerubo alipita na kikapu cha nguo, akaona wivu. Kumwonea wivu marehemu, tena marehemu aliyemwosha kwa mikono yake!

Alimpigia mama yake mdogo, Everline.

"Mama, nyanya, mama yenu, aliitwa nani? Na aliyemzaa huyo?"

"Unauliza ya nini, mwanangu?"

"Nataka kujua tu."

"Haya. Nitakupigia."

Aliyepiga ni kaka yake, Mokaya.

"Dada, nasikia unahesabu ukoo. Wakili wako ni nani?"

"Wakili gani? Ni majina, Mokaya. Ya mtoto."

"Wacha bwana! Mtu akae Amerika miaka yote, halafu aamke tu atafute majina ya wamama waliokufa? Umesikia wasichana siku hizi wanarithi. Unataka shamba la mama."

Kerubo alicheka, kisha akaacha. Watu wa Maureen hawakuwahi kumiliki hata kitalu cha vitunguu. Majina yao hayakumtisha mtu, ndiyo maana yeyote aliyeyataka aliyaokota bure.

"Nikitia sahihi kwamba silitaki, mtanipa majina?"

Mokaya alikohoa. "Kaburi la mama liko humo, Kerubo."

"Najua liko wapi."

Alitia sahihi. Ndipo Everline alipopiga, akayataja polepole: Kemunto, aliyemzaa Bosibori. Gesare, aliyemzaa Kemunto. Kabla ya Gesare hakuna aliyekumbuka.

Abigail aliyaandika kwa kalamu nene, akarudi nyuma kutazama. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo," Kerubo alisema, macho yake yakiwa kwa Hannah, kule chini kabisa. Bado alimwonea wivu.

Shamba sasa lina jina la Mokaya. Mvua zilipoanza alipanda miche ya chai kuzunguka kaburi, akaacha njia ya kupita mtu mmoja.