Mkono wa Enock kwenye Lori la Sostenes

Lori la Sostenes lilikuwa haliendi. Kuwaka liliwaka, kutembea lilitembea, lakini haliendi. Ukiliacha silensa, bila kukanyaga mafuta, linatetemeka mpaka linazima. Ukilikanyagia mafuta linatoa moshi mweusi na kukohoa, na kwenye kilima kidogo tu linataka gia ya kwanza. Petroli ya kwenda Singida mjini na kurudi ilikuwa inaishia njiani.

Ni lori la petroli, la kabureta, aliloachiwa na baba yake. Kusumbua kwake si jambo geni hapa kijijini Mtinko. Lakini mwaka huu kikundi cha akina mama wanaolima alizeti kilikuwa kimekubali kumpa Sostenes kazi ya kusomba alizeti yao yote ya msimu hadi kiwanda cha kukamua, mjini. Walikubali kwa sababu mkewe, Scholastika, ni mwenzao na aliwaomba. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene anayeitwa Yustina, alisema mbele ya watu wote, "Likituangusha safari ya kwanza, nyingine zote anapewa Mathayo." Mathayo ana lori la dizeli na hana maneno mengi.

Sostenes akajaribu mwenyewe. Alibadilisha plagi. Alipuliza kabureta kwa mdomo mpaka chakula kikawa kinanuka petroli. Alisugua platini, vile vyuma vidogo vya kukatia umeme wa plagi, kwa msasa. Lori likabaki vilevile.

"Mwite Enock," Scholastika akasema.

"Enock gani?"

"Unawajua wangapi wanaotengeneza kabureta?"

Alimjua mmoja. Enock wa Kiomboi, ambaye zamani alipeleka mbuzi kwa baba yake Scholastika kumposa. Mbuzi wale walikwisha kuzoea zizi waliporudishwa, kwa sababu Sostenes alikuwa amefika na lori. Hakufika na mbuzi wengi zaidi. Alimpakia mzee kiti cha mbele, akampeleka mnadani, akamrudisha, na mzee aliposhuka alisema binti yake ataolewa na mwenye gari. Watoto wa ndoa hiyo sasa ni watu wazima, wana kwao. Lakini mpaka leo Sostenes akiona mgeni kutoka Kiomboi anapita, anawasha injini hata kama hana safari.

"Mjini kuna mafundi," akasema.

"Wa mjini wanataka kuchomeka kompyuta. Lori lako lina tundu la kuchomeka nini, Baba Happy?"

 Scholastika akapiga simu mwenyewe, na Sostenes akaona kwamba namba ilikuwemo tayari kwenye simu yake.

Enock alishuka kwenye basi na mfuko wa vyuma begani. Alikuwa amenenepa na kuota upara, na jambo hilo lilimfurahisha Sostenes kwa muda mfupi.

"Umezeeka, Enock," Scholastika akamwambia.

"Tumezeeka sote, Skola. Ila wewe umekataa."

Scholastika akacheka. Si kile kicheko cha kuchekea wageni. Alicheka akaegemea ukuta. Na hakuna mtu pale nyumbani anayemwita Skola. Ni Mama Happy, kwa majirani na kwa mumewe.

Enock akamgeukia mwenye lori. "Kaka, liwashe nilisikie."

"Utalisikia nini? Ni bovu."

"Hata bovu lina maneno yake. Liwashe."

Likawaka, likatetemeka, likazima. Enock akafungua plagi zote akazipanga juu ya gunia. Zilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Akafungua kabureta, akatoa boya lake la shaba, akalitikisa sikioni. Kisha akampa Scholastika, si Sostenes.

"Sikia."

"Kuna maji ndani."

"Petroli. Boya limetoboka, limejaa, limezama. Likizama haliwezi kufunga mafuta, kwa hiyo injini inanyweshwa kwa nguvu kama mtoto anayekataa dawa. Ndiyo maana inatapika moshi."

Scholastika akacheka tena. Sostenes akaona kwamba angeweza kulitikisa lile boya mwenyewe, toka mwanzo, na mke wake angecheka naye.

Enock alilichemsha boya kwenye maji petroli ikatoka, akaliziba tundu kwa risasi ya kulehemu. Akapima nafasi ya platini kwa nyembe alizozipanga pamoja. Mwisho akailegeza distributa, kifaa cha kugawia plagi moto, akaizungusha taratibu huku injini inaunguruma na yeye amefumba macho, akaikaza. Silensa ikatulia. Lori likawa linanguruma kidogo, kwa utaratibu, kama jinsi lilivyokuwa siku lilipompeleka mzee mnadani. Sostenes aliijua sauti ile. Aliisikia vizuri, na hakuweza kuifurahia.

"Hapa pasiguswe, kaka," Enock akasema, kidole kikiwa kwenye distributa. "Ukiusogeza moto mbele, plagi zikawaka mapema, litaonekana lina nguvu, lakini kwenye mzigo litajichoma."

"Naliendesha hili lori tangu wewe hujajua bisibisi."

"Sawa. Nimesema tu."

Wakala. Scholastika alikuwa amechinja kuku, na firigisi, ambayo kwenye nyumba ile ni ya baba, aliiweka kwenye bakuli la Enock. Sostenes akaitafuta kwenye bakuli lake kwa kijiko, akageuza kila upande. Haikuwemo. Enock aliitafuna huku anasimulia habari za magari ya zamani ya Kiomboi.

"Mgeni," Scholastika akanong'ona alipoona sura ya mumewe.

"Sijasema kitu."

"Umekoroga mchuzi mpaka umepoa."

Sostenes akatoa pesa za ufundi, akaziweka mezani kwa kishindo. Enock akazisukuma zikarudi.

"Hapana, kaka. Skola ndiye aliyeniita. Kwa Skola sichukui."

Mtu angeshukuru. Sostenes alilala akizihesabu zile pesa kichwani kama vile ameibiwa.

Kesho yake ilikuwa mnada, na watu wakalisikia lori. "Enock kalifufua!" "Huyo Mnyiramba wa Kiomboi ana mikono!" Mzee mmoja muuza tumbaku akamwambia, "Sosi, mwambie mkeo ahsante. Bila yeye ungekuwa unauza vyuma chakavu." Wakacheka wote. Lori lilikuwa zima, la kwake, limeegeshwa mbele yao, na hakuna aliyemsifu mwenye lori.

Siku ya safari Sostenes aliamka kabla ya wengine. Magunia ya alizeti yalikwisha kupakiwa jioni. Akafungua boneti, akailegeza distributa kwa spana, akausogeza moto mbele. Kidogo tu. Akawasha. Sauti ikawa kali, ya kuruka, mguu ukigusa tu injini inaitika. Akaisikiliza akaona raha. Hiyo ilikuwa sauti yake. Enock hakuiacha hivyo. Akaikaza, akafunga boneti, akanawa mikono.

Scholastika na Yustina wakapanda mbele pamoja naye. Kwenye tambarare lori lilikimbia.

"Mnaona?" akasema. "Mnaona linavyovuta?"

"Enock ni fundi," Yustina akasema.

Sostenes akakanyaga zaidi.

Kwenye mwinuko mrefu, penye majabali pande zote mbili, injini ikaanza kugonga. Sauti ndogo, kama misumari inayotikiswa kwenye kopo.

"Baba Happy, linagonga."

"Ni mzigo."

"Juzi halikugonga hivi. Punguza. Shuka gia."

"Unanifundisha gari? Hiyo ndiyo kazi ya Enock wako. Ndivyo alivyoliweka."

"Enock wangu?"

Hakupunguza. Angepunguza, lori lingefika. Lilipanda likigonga mpaka karibu na kilele, kisha kukawa na mlio mmoja mzito, nguvu ikakatika, na moshi wa buluu ukaingia mpaka ndani ya kabini. Akakamata breki ya mkono. Alipofungua boneti, oili ilikuwa imerushwa nje kupitia tundu la kijiti cha kupimia na kutapakaa kila mahali.

"Pistoni imetoboka," akasema. "Nilijua. Nilisema toka mwanzo yule mtu hajui kitu. Ametuharibia kazi, akina mama. Mimi nitamshtaki."

Yustina alikuwa ameshuka, anajipepea kwa kanga.

"Shemeji," akasema, "alfajiri nilipokuja kuhesabu magunia nilikukuta umeinama humo na spana. Nikakusalimia hukunisikia, injini inalia. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakaza."

"Nini?"

Sostenes akaitazama distributa. Scholastika naye akaitazama. Alikuwa amesimama pale pale siku Enock alipoweka kidole chake.

"Umeisogeza," akasema.

"Kidogo."

"Kwa nini? Lilikuwa zima. Kwa nini, Baba Happy?"

Alitaka kumwambia habari ya firigisi, na ya namba iliyokuwemo kwenye simu, na kwamba yeye naye anaweza kumwita Skola. Barabarani, mbele ya Yustina, na oili mikononi, yote hayo yalikuwa maneno ya mtoto.

"Kwa sababu ni lori langu," akasema.

 Yustina akapiga simu kwa Mathayo. Mathayo akaja, akageuza lori lake kinyume, na magunia yakahamishwa moja moja. Hakusema neno, hata salamu aliitoa kwa kuinua kidole. Magunia yalipokwisha, wanawake wawili wakapanda naye.

"Subiri trekta la kukuvuta," Scholastika akamwambia mumewe dirishani. "Mimi nikitoka kiwandani naenda Kiomboi. Umemchafulia mtu jina mbele ya mwenyekiti, na mimi ndiye niliyemwita. Nitamwomba radhi mwenyewe, na nitamwomba aje tena."

"Uende Kiomboi peke yako?"

"Nani anipeleke? Una gari?"

Akaenda. Akalala kwa dada yake huko, akarudi kesho yake na Enock kwenye basi moja, na Enock akafungua injini yote.

Gharama yake ni hii. Pistoni moja, seti moja ya ringi, gasketi ya juu na oili mpya. Trekta la kuvuta, kwenda na kurudi. Safari zote za alizeti za msimu ule isipokuwa nusu ya ile ya kwanza, maana kikundi hakikurudi nyuma, Mathayo akazichukua. Malipo ya ufundi, ambayo safari hii Enock aliyapokea yote, akazihesabu noti mara mbili mbele ya Sostenes. Na kazi ambayo mwanzo ilichukua siku moja, ikachukua siku tano: Enock alilala chumba cha watoto, akala mezani kwa Sostenes asubuhi, mchana na usiku, milo kumi na tano, na Scholastika aliipika yote.