Ilisomwa Tarehe

Jina la Bi Nukta alipewa na mumewe, kwa jinsi asivyoruhusu hata nukta moja ikae vibaya, na mumewe huyohuyo ndiye wa kulaumiwa kwa yote yaliyofuata.

Bi Nukta alikuwa mwalimu wa jiografia, na tasnifu yake ya shahada ya pili ilihusu mvua. Mume alifanya kazi idara ya hali ya hewa, ambako ndiye aliyepandisha takwimu za mvua kwenye tovuti ya serikali. Kwa hiyo kila mara mke alipoandika marejeo mezani, mume alikaa pembeni akimchokoza.

"Mke wangu, ukurasa naupandisha mimi. Andika tu: Baba Watoto, mazungumzo ya jikoni."

"Jikoni si chanzo. Mwandishi ni idara. Kisha mwaka, jina la taarifa, anwani ya tovuti, na tarehe niliyoisoma."

"Tarehe ya nini? Mvua imeshanyesha, itakimbilia wapi?"

Bi Nukta aliandika "ilisomwa tarehe" na siku yenyewe, akauchapa ukurasa mzima wa tovuti na kuubandika nyuma ya tasnifu kama kiambatisho. Mume alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Usiku wa kuamkia utetezi wa tasnifu, Bi Nukta alilalamika wakati wa chakula. Kituo kimoja kilionyesha milimita mia na arobaini katikati ya kiangazi. Kwenye tasnifu alikuwa ameandika kwamba namba hiyo inatia shaka, lakini bado ilimkera. Mume aliuliza ni kituo kipi, na asubuhi akaondoka mapema huku akipiga mluzi.

Chumba cha utetezi kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, na mtahini aliyevaa miwani kwenye paji la uso. Alifungua kompyuta, akaishusha miwani.

"Jedwali la nne. Wewe umeandika mia na arobaini, tovuti inasema kumi na nne nukta sifuri. Mwalimu, hiyo nyingine ilinyesha wapi?"

Kubuni takwimu ni kufukuzwa, hakuna mjadala. Bi Nukta aliwaona kichwani wanafunzi wake, aliowakataza kunakiliana, wakipashana habari kwamba mwalimu wao ni mwongo. Alitamani kulia pale pale.

Kisha akakumbuka. "Naomba uteremke hadi chini ya ukurasa. Umehuishwa lini?"

Mtahini akateremka. "Leo. Saa mbili asubuhi."

"Tarehe niliyousoma mimi iko kwenye marejeo. Na ukurasa wenyewe, kama ulivyokuwa siku hiyo, uko kwenye kiambatisho."

Mtahini akafunua kurasa za nyuma, akalinganisha taratibu, akaipandisha tena miwani. "Sawa kabisa. Lakini ni nani anayeamka asubuhi kurekebisha mvua ya mwaka juzi?"

Simu ya Bi Nukta ikatetemeka mezani. Ujumbe: *Nukta ilikuwa imeruka, nimeirudisha mahali pake. Zawadi yako ya utetezi, kipenzi!*

Alitaka kumkaba na kumkumbatia kwa mkupuo mmoja. "Ni mume wangu," akasema. "Alitaka kunifurahisha."

Wote mezani walicheka. Alifaulu, kwa sharti moja: aweke namba mpya na tarehe mpya ya kuisoma.

Jioni mume alipohadithiwa alishika kichwa, akaomba radhi mara kadhaa, akaosha vyombo bila kuagizwa. Kama kawaida yake, aliziacha sufuria. Baada ya hapo akaomba kitu kimoja tu, atajwe mahali fulani kwenye tasnifu. Bi Nukta akamwandikia kwenye ukurasa wa shukrani:

"Namshukuru mume wangu, ambaye ni mwema na mwenye upendo (ilisomwa leo, kabla hajajihuisha)."