Hali ya Gari

...nzuri, ni neno moja tu, herufi tano, nimeandika maneno marefu kuliko hilo bila kupumzisha mkono, nimeandika Makubaliano ya Kuuziana Gari juu ya karatasi na kuyapigia mstari kwa rula, nimeandika mwuzaji, Ndunda Justus Muindi, mnunuzi, Abdilatif Mire Warsame, nambari za vitambulisho vyao, nambari ya injini, gari la mashindano ya porini, la kujengwa kwa mkono, viti viwili, halina milango, halina paa ila mabomba ya chuma, na sasa nimefika mstari wa saba, Hali ya gari, nikaweka nukta mbili, na kalamu imegoma hapo... Mwalimu Ezekiel Mbithi alitupiga vidole kwa kusimamisha kalamu hewani, andika unachokijua au weka kalamu chini, alisema, hiyo ilikuwa mwaka wa hamsini na moja, na mimi ninachokijua ninakijua, au nadhani ninakijua, sikio la kushoto lilikufa nikiwa bado kazini na la kulia lina miaka themanini na sita, nani ataliamini sikio la miaka themanini na sita... "Taratibu tu, Mzee, mwandiko kama huu hauna haraka," anasema Abdilatif, ameketi kwenye stuli ya jikoni magoti yakimfika kifuani, mtu mkubwa, mfanyabiashara wa mifugo pale mjini Machakos, baba yake niliwahi kumjua kwa jina, Mire Warsame, "hii karatasi nitaitundika ukutani," na Ndunda mwanangu, kitinda mimba wangu, anacheka, "Baba aliandikia Wazungu ripoti, hawezi andika kitu mbio," anacheka kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe, na yule msichana amechutama kando ya gurudumu la mbele, amewasha taa ya simu mchana huu wa jua kali, sijamuuliza jina, mimi, ambaye sijawahi kunywa chai na mtu bila kujua jina lake na la baba yake, wamefika hapa Kathiani tangu saa tatu asubuhi na sijamuuliza, makubaliano hayataki jina la dereva, yanataka la mnunuzi tu, na mnunuzi ni baba yake, nilishukuru kimoyomoyo nilipoliona hilo, na kushukuru kwenyewe kukaniogopesha... upande wa kulia, Mungu wangu, mbona ameanzia upande wa kulia... Alhamisi iliyopita nililigonga gari hili lote, bomba kwa bomba, Ndunda akiwa mjini kwenye karakana yake, nililigonga kwa nyundo ya mpini mrefu niliyoondoka nayo nilipostaafu, miaka thelathini na tano nilitembea kando ya mabehewa nikigonga magurudumu, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi, unagonga, unasikiliza, chuma kizima kinaimba, kinaimba mpaka unakisikia kwenye kiganja, chuma chenye ufa kinasema neno moja fupi na kunyamaza, na mabomba ya Ndunda yaliimba, nilifurahi, nilijisemea kijana huyu ana mkono, miaka minne ya kuchomelea, Jumapili baada ya Jumapili, mke wake akienda kanisani peke yake, yakaimba yote mpaka pale mkono wa gurudumu la mbele la kulia unaposhikana na fremu, hapo palisema tk, kama kugonga mlango wa mbao, nikagonga tena, tk, nikageuza kichwa nikalitega sikio lenye uhai, tk, nikachora duara kwa chaki kama tulivyokuwa tukichora, na jioni nikamwambia, pale patakatika, Ndunda, si leo, patakatika siku gari likiwa mbioni, gurudumu litajikunja chini yake na gari litabingirika, naye akasema, "Baba, hii si behewa, hii paipu ni nyembamba, haiwezi lia kama chuma ya reli, na mwaka juzi si ulisema pampu ya kanisa imepasuka, wakafungua, ikawa nzima?" na ni kweli, ilikuwa nzima, nilisimama mbele ya wazee wa kanisa na nyundo mkononi, pampu nzima kabisa, nikaomba radhi, "na isipouzwa wiki ijayo," akasema, "Jumamosi yake naikimbiza mwenyewe kwa mashindano ya Konza, tuone huo ufa wako ukitokea," na Jumamosi ni keshokutwa.

Kalekye analeta chai, anaiweka mwisho wa meza kule mbali, ananigeuzia bega kama inavyompasa mke wa mwanangu, kwetu mke wa mtoto hasogei karibu na baba mkwe, miaka sita yuko katika boma hili na hatujawahi kusimama mlango mmoja, tunapishana uani kama watu wa mitaa miwili, lakini Ijumaa alikuja, alikuja mpaka kizingitini kwangu na tumbo lake la miezi saba, akatazama chini, akasema, "Baba, unisamehe, msaidie auze hiyo gari, ameapa mbele yangu kwamba Jumamosi ya wiki ijayo ataingia mashindanoni," nami niliitikia kwa kichwa, na sijui kama aliona maana macho yake hayakuinuka, akarudi zake akitembea kinyumenyume hatua tatu nne... kwa hiyo mambo ni haya, nimeyapanga usiku kucha na yanajipanga vile vile, nikiandika nilichosikia, Abdilatif ataikunja karatasi, atanishukuru kwa adabu, ataondoka na binti yake, na kabla ya keshokutwa hakuna mnunuzi mwingine atakayepanda mlima huu, na Ndunda ataingia, nikiandika nzuri, Ndunda atabaki na mke wake na mtoto wake, na atakayeketi kwenye kile kiti ni binti wa mtu, binti wa mtu, maneno hayo nimeyashikilia tangu asubuhi kwa sababu hayana uso... "Watu wa ukoo wananiuliza," Abdilatif anamwambia Ndunda, "msichana na gari ya mashindano wapi na wapi? Nawaambia, mama yangu alichunga ngamia siku kumi peke yake, na fisi, na njaa, hakuna mtu aliuliza kama ni msichana, sasa hii yenu iko na mikanda na taa, mnalia nini?" na msichana kule chini, bila kuinua kichwa, anamwita baba yake kwa Kisomali, "Aabo, jana ngamia zilikuwa siku saba," "Zilikuwa kumi, saba ni za kurudi," na wote wanacheka, hata Kalekye kule mlangoni kwa jiko, ameziba mdomo kwa leso, ana nafuu usoni, ameona karatasi inaandikwa, na mimi nacheka pia, nasikia kicheko changu kwa sikio moja... Bartholomew Maundu Nzioki, ndilo lilikuwa jina lake lote, gadi wa treni ya mizigo, mtu wa behewa la mwisho, katika ripoti yangu aliandikwa Bartholomew tu kwa sababu hakuna aliyejua zaidi ya hapo, mwaka wa sabini na moja, mwezi wa nne, mvua ilikuwa ikipiga mabati na mimi natembea na taa kando ya mabehewa, behewa la kumi na nne, gurudumu la tatu, nikagonga, na sikusikia vizuri, hivyo ndivyo nilivyoandika, kwamba mvua ilizuia usikivu, nikainua taa, treni ikaondoka, naye Bartholomew akanipungia mkono akipita, alikuwa akila muhindi wa kuchoma, gurudumu lile likapasuka kabla ya alfajiri, akafa, na miezi miwili baadaye nikaenda kwao Muthetheni siku ya soko kuulizia jina lote, mama yake akanitajia taratibu, mara mbili, akidhani ni la kujaza kwenye karatasi za serikali, nikaliandika kwenye kijitabu changu, halikuwa la karatasi yoyote, lilikuwa langu la kukaa nalo, maana nilikuwa nimesikia, mvua ilikuwepo lakini nilikuwa nimesikia, ilikuwa karibu saa ya kumaliza zamu na kulikuwa na baridi... "Babu," yule msichana amesimama mbele yangu, amepangusa mikono kwenye suruali, ushungi wake ameufungia nyuma ya shingo kama fundi, "naambiwa ulikuwa reli, ni kweli mlikuwa mnagonga magurudumu na nyundo? Mwalimu wetu wa chuo alituambia hiyo kitu tukadhani ni stori," nasema ni kweli, "na ungesikia?" nasema mara nyingi, "Tangu tufike hujaniuliza jina, na Aabo alinionya kwa njia, huyo mzee atakuuliza majina mpaka ya bibi yako, naitwa Hani, Hani Abdilatif Mire, ukitaka kuandika," na Ndunda haraka, "Si lazima aandike, dereva haandikwi," Hani Abdilatif Mire, majina matatu, limekwisha ingia, sikuliomba na limeingia, ana kovu dogo kwenye nyusi na kucha fupi zenye grisi, Hani, herufi nne, kwa nini ninazihesabu, mtu anahesabu herufi anapotaka kuchonga jina mahali... na amekwisha geuka, anaongea na Ndunda, sauti inanifikia upande usiosikia vizuri, "...pale mbele kulia mmeweka nini? Nimekwaruza na kucha, inatoka unga, kama filla," "Ah, hiyo, jiwe tu, kajikwaruzo, nikakaziba nikapaka rangi, gari ya kuuza lazima ioge," na Abdilatif anapiga paja, "Kama mbuzi wa Idd! Hani, mimi nimeogesha mbuzi miaka thelathini, usimwulize mtu kwa nini ameosha yake," wanacheka, chai inamiminwa, inanukia tangawizi, ni chai nzuri, Kalekye hajawahi kuharibu chai... filla.

Filla ni ya bodi. Ni ule unga mgumu wa kuzibia mabonde ya bodi kabla ya rangi, nimewaona wakiupaka pale karakanani, na gari hili halina bodi, ni mabomba matupu, tangu bomba la kwanza mpaka la mwisho Ndunda hakupaka filla popote, alijivunia hilo, alileta watu waone mishono yake mitupu, "Baba, tazama, hakuna kitu nimeficha," na sasa kuna filla mahali pamoja, ukubwa wa kiganja, mbele kulia, penye duara la chaki, nani huziba mahali pazima, nani huficha ufa asiouamini, kwa hiyo aliniamini, Alhamisi ile ile aliniamini, huenda alichukua tochi baada ya mimi kulala akauona kwa macho, uzi mwembamba wa ufa, akajua mzee safari hii amesikia sawa, na asubuhi akanicheka, akanikumbusha pampu ya kanisa ili nilionee shaka sikio langu, na Jumamosi, ile Jumamosi ya Konza, hakuna Jumamosi, Ndunda hawezi kuingia kwenye gari analolijua, hajawahi kuwa na nia ya kuingia, aliapa mbele ya Kalekye kwa sababu alijua Kalekye atakuja mlangoni kwangu, alimtia hofu mke wake mwenye mimba ili hofu hiyo ivunje heshima na kunifunga mdomo, na mimi usiku mzima nimekuwa nikipima mwanangu na binti wa mtu, upande mmoja hakukuwa na kitu, mwanangu hakuwa katika hatari yoyote, hakuwahi kuwa, kuna mtu mmoja tu anayeweza kufa na gari hili na amekwisha nitajia jina lake... basi andika, Justus Muindi, huna mvua, huna shaka, huna mwana wa kuokoa, andika, na mkono haushuki, tazama, haushuki, na hiki ndicho kinachoniogopesha kuliko ufa, nilidhani nimeshikwa na maisha ya Ndunda, kumbe Ndunda ametoka katika hesabu na bado nimeshikwa, na sasa ninaona ni nini, ni mstari wa pili wa karatasi hii, mwuzaji, Ndunda Justus Muindi, jina lake ni moja na yaliyobaki mawili ni yangu, nikisema ufa nitasema na filla, na nikisema filla watu hawa watajua ni nani aliyeipaka na akijua nini, watalibeba hilo mpaka sokoni, na Kalekye atalisikia akiwa pale pale mlangoni kwa jiko, kabla hajajifungua... na yeye Ndunda alijifunza wapi kuziba kitu na kuandika juu yake kwamba ni kizima, sikumwambia kamwe habari za behewa la kumi na nne, hakuna aliyemwambia, na bado... "Nau," Ndunda ananiita kwa Kikamba, baba, kwa ile sauti ya utotoni, wageni hawaelewi, ananiuliza polepole kwa Kikamba kama nimesahau vile neno linaandikwa, na hanitazami usoni, anatazama ncha ya kalamu, amekuwa akiitazama tangu mwanzo, jasho limetokea juu ya mdomo wake na hapa kivulini kuna upepo, na nyuma yake Hani Abdilatif Mire amepanda, amejiingiza katikati ya mabomba, amekaa, kiti kimemkaa sawasawa, anashika usukani kwa mikono miwili na kucheka peke yake kwa furaha, na Abdilatif ameinuka kwenye stuli na kwenda kumfunga mkanda, anauvuta mkanda wa bega, anauvuta tena, anaingiza vidole viwili chini yake kuona umekaza, anatikisa bomba la juu kwa uzito wake wote, anapiga teke gurudumu, mtu makini, anakagua kila kitu anachoweza kukiona, kisha anageuka, "Mzee, umemaliza?" na najisikia nikisema, "Bado," kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "bado, Abdilatif Mire Warsame," na Ndunda anaweka kikombe chini, polepole, bila kutoa sauti...