Ufunguo Tumboni mwa Mzee Kondo

Mzee Kondo wa Temeke, mstaafu wa bandarini, aliishi peke yake tangu afiwe na mkewe. Jumapili moja bintiye Munira, mwalimu wa Kinyerezi, alikuja kumsalimia, akakaa nusu saa, akaaga kwamba ana kikao. Baba akatangulia getini kana kwamba anamfungulia. Akafunga kufuli, akatia ufunguo mdomoni, akaushushia na maji.

Jirani ndiye aliyevunja kufuli kwa nyundo, wakampeleka hospitali. Nesi Jovina alimpokea kama mgeni wa siku zote, kwani mwaka jana mzee alimeza kifungo cha koti, na mwezi wa tatu sarafu.

"Shikamoo, mzee. Naona leo umehamia kwenye funguo."

"Marahaba, mwanangu. Kifungo hakikunishibisha."

Picha ilionyesha ufunguo umeshapita kooni, uko tumboni, mfupi na hauna ncha kali. Mzee akauliza kama atalazwa, na kama kile kitanda cha dirishani kiko wazi. Dokta Theonest akamwambia halazwi, hapitishiwi mpira wa kamera kooni wala hapasuliwi. Ufunguo utatoka wenyewe. Ale kama kawaida, na arudi haraka akitapika, akiumwa tumbo au akiona damu. Tena kila choo kikaguliwe. Munira akauliza kikaguliwe na nani. Dokta akamsogezea boksi la glavu.

Kisha akamwomba binti asubiri nje, akamuuliza mzee taratibu kama alitaka kufa. Mzee akakataa.

"Dokta, kuna siku jua linazama sijasema neno hata moja. Nikimeza kitu, watu wanane wananiuliza najisikiaje."

Dokta hakucheka. Alimpangia kuonana na mshauri wa afya ya akili kila Alhamisi, akasisitiza kwamba huko mtu hupokelewa hata kama hajameza kitu.

Munira alihamia kwa muda kwa baba yake, akavaa glavu, akanuna. Ni katika siku hizo alipogundua kuwa mzee bado anasonga ugali wa watu wawili. Siku ya nne ufunguo ulitoka. Munira alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia.

Siku hizi huja kila Jumamosi na madaftari ya wanafunzi, akayasahihishia sebuleni. Mzee humsomea majibu kwa sauti, na kila aliyekosa humwombea alama moja.